Deni la Barabara Lilivyofika Dukani Kwetu Amu

Novemba 2024 tuliingia stoo ya nyuma kutafuta nafasi ya kuweka mabati, tukaikuta mifuko kumi na mmoja ya simiti imeshaganda. Baba aliinama akaugonga mmoja kwa vifundo vya vidole, vile mtu anavyobisha mlango wa jirani usiku, na sauti iliyorudi ilikuwa ya jiwe. Hakusema kitu. Aliketi juu ya mfuko uleule, akavua kofia, akawa anatazama sakafu.

Asiyekaa kisiwani huenda asielewe. Simiti (najua vitabuni huitwa saruji, ila dukani kwetu sijamsikia mtu akiitaja hivyo) haipatani na hewa ya Amu, yaani mji wetu wa Lamu. Unyevu wa bahari hupenya karatasi, na mfuko ukikaa miezi kadhaa huanza kufanya madonge pembeni, kisha katikati, kisha ndiyo basi. Kwa hiyo Baba miaka yote aliagiza kwa kipimo. Lori lifike Mokowe, gati ya upande wa bara, mzigo ushukie kwenye mashua, mahamali waupandishe hadi mtaa wa Langoni, na kabla ya mwezi kwisha stoo ibaki na vumbi tu. Tuna zaidi ya miaka ishirini ya kuuza vifaa vya ujenzi, na simiti kutugandia ilikuwa haijatokea hata mara moja. Haikuwahi kukaa muda wa kuganda.

Mimi ndiye nishikaye daftari la duka. Nilikuwa nimeshaona kwenye kurasa kwamba mambo hayaendi, lakini daftari hudanganya kwa upole. Mwezi mmoja ukipungua unasema ni Ramadhani, mwingine unasema ni kusi, bahari imechafuka, mashua hazivuki. Mfuko ulioganda haukubali maelezo hayo.

Mei 2025 Shirika la Taifa la Takwimu, KNBS, lilipotoa taarifa yake ya uchumi ya kila mwaka, nilikwenda moja kwa moja kwenye habari za ujenzi. Mwaka 2023 Kenya ilitumia takriban tani milioni 9.2 za simiti. Mwaka 2024 zikashuka hadi kama milioni 8.5, upungufu wa asilimia 7.2. Sekta nzima ya ujenzi, iliyokuwa imekua kwa asilimia 3.0 mwaka uliotangulia, ilinywea kwa asilimia 0.7, na huku uchumi wa nchi kwa jumla ukiandikwa kuwa umekua kwa asilimia 4.7. Nilimsomea Baba kwa sauti. Akauliza: "Na hii mifuko yetu, wameiweka wapi?" Nilifikiri nikaona jibu lake linauma. Simiti ikishatoka kiwandani na kubaki nchini, kwa hesabu ile imetumika. Mifuko yetu kumi na mmoja imo ndani ya zile tani milioni 8.5, imehesabiwa kuwa imejenga.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikifuatilia nyayo za hasara ile, nione ilianzia wapi. Sehemu yake iko wazi. Sheria ya fedha ya 2023 iliweka ushuru wa asilimia 17.5 kwa klinka inayoingizwa kutoka nje, na klinka ndiyo inayosagwa ikawa simiti. Februari 2024 Benki Kuu ilipandisha riba yake ya msingi hadi asilimia 13, na aliyekuwa amepanga kukopa aongeze ghorofa akaahirisha. Juni mwaka huohuo vijana waliingia barabarani, Mswada wa Fedha ukaondolewa, na Serikali ikakata matumizi ya maendeleo. Yote hayo yalitufikia. Lakini hayo ni matawi. Shina lake, kwa maoni yangu, ni kwamba Serikali ilikuwa haiwalipi waliokuwa wameshaijengea.

Makandarasi wa barabara peke yao walikuwa wanadai kiasi cha shilingi bilioni 175. Mitambo ilisimama kando ya njia, kambi zikafungwa, wafanyakazi wakaambiwa warudi makwao wangoje simu. Ili kulipunguza deni lile, Serikali ilichukua shilingi 7 kati ya shilingi 25 zinazokatwa kwa kila lita ya petroli na dizeli kwa ajili ya kutunza barabara, ikaziweka rehani ipate pesa kwa mkupuo. Ushuru huo wenyewe ulikuwa shilingi 18 hadi Julai 2024. Mvuvi wa Amu anayetia petroli kwenye injini ya mashua yake anautoa kama anavyoutoa dereva wa basi la Nairobi, ingawa njia yake ni maji matupu. Simlaumu aliyebuni mpango ule, maana deni lilikuwepo na dawa ya deni ni kulipa. Ninachotaka kionekane ni kwamba deni la barabara haliko bara peke yake. Lina miguu, na lilifika mpaka dukani kwetu.

Lilifika hivi.

Agosti 2023 kontrakta mmoja, simtaji jina na hana tofauti na wengine, alipata kazi ya umma ya madarasa mawili kwenye kisiwa cha jirani. Alikuja dukani na karatasi zake zote, zenye mihuri. Alilipa nusu ya simiti na mabati, nusu nyingine akaomba tumwandikie hadi malipo ya kwanza yatoke. Fundi mkuu wa kazi alikuwa Ami, ndugu yake Baba, mwashi tangu akiwa kijana ambaye sharubu hazijamwota. Walikuwa watu tisa: waashi watatu na wasaidizi sita. Asubuhi wanavuka na mashua, jioni wanarudi, na malipo ni kila Alhamisi kwa kuwa Ijumaa hawafanyi kazi.

Alhamisi nne za kwanza zililipwa. Ya tano, nyapara akasema pesa haijatoka. Ya sita vivyo hivyo. Hapo mtu wa mbali huuliza kwa nini hawakuacha. Nilimwuliza Ami swali hilo mwenyewe, na jibu lake sijalisahau: "Mwanangu, ukiacha ndipo unapoipoteza. Ukiendelea bado ni deni, ukiacha imekuwa sadaka." Wakaendelea. Walipandisha kuta hadi linta, wakamwaga linta, wakapandisha tena, na kila wiki iliyopita iliwafunga zaidi kwenye kazi ile, maana kilichokuwa mbele ya mikono yao ndicho kilichokuwa ushahidi wao. Mabati yalipokaribia kupigwa, kontrakta alikuwa anadaiwa na Ami na wenzake zaidi ya miezi miwili.

Nikatazama nani ana nini mkononi. Kontrakta alikuwa na hati ya kazi iliyokaguliwa, imetiwa saini na mhandisi, anaweza kwenda nayo benki akaomba mkopo. Sisi tulikuwa na stakabadhi za mzigo zenye saini ya nyapara. Ami alikuwa na daftari la shule lenye jalada la buluu, alilonunua mwenyewe, ambamo kila jioni aliandika kwa penseli: tarehe, watu tisa, kozi tatu (yaani safu tatu za ukuta) upande wa kibla. Wasaidizi wake sita hawakuwa na chochote isipokuwa imani kwamba Ami ameandika kweli.

Halafu fuata deni linavyoshuka. Hazina inadaiwa na kontrakta, kontrakta anadaiwa na sisi na mafundi, mafundi wanadaiwa na duka la unga, duka la unga linadaiwa na mwenye lori. Ukutani kwetu Baba amebandika tangu zamani: kukopa harusi, kulipa matanga. Lakini aliyekula harusi hapa si yule anayekaa matanga. Msaidizi anayebeba karai la zege kichwani kwa mshahara wa kutwa ndiye aliyeikopesha Serikali ya Kenya, bila riba, bila dhamana, bila kuulizwa. Wachumi wanapozungumzia mtaji wa sekta ya ujenzi hutaja mabenki na wawekezaji. Mimi nikitazama daftari langu naona mkopeshaji mkubwa ni yule mtu mwenye karai, na kwamba kazi nyingi za umma nchini zinasimama kwa sababu yeye huvumilia wiki sita ambazo hakuna benki ingevumilia.

Sheria ipo, na ni nzuri. Kifungu cha 37 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinasema kibarua akifanya kazi mfululizo kwa siku zinazofikia mwezi, hahesabiwi tena kuwa kibarua. Anakuwa mwajiriwa wa mwezi mwenye haki za mwajiriwa. Kwenye kazi ile nililetewa orodha za malipo nizitazame, kwa kuwa mimi najua hesabu. Majina yalikuwa yanazungushwa. Wiki ya tatu fulani anafutwa, anaingizwa nduguye, wiki ya tano anarudi yeye. Mtu ni yuleyule, karai ni lilelile, jina ndilo lililobadilika. Nilihisi joto usoni nilipoelewa maana yake.

Watu kama hao, nchi inawajua kwa wingi wao tu. Taarifa ileile ya KNBS inasema mwaka 2024 zilipatikana nafasi mpya za kazi 782,300, na kati yake 703,700 zilikuwa za jua kali. Yaani tisa kwa kila kumi. Ukiwa umeketi ofisini, hizo ni kazi zilizozaliwa. Ukiwa umesimama gatini Amu saa kumi na mbili asubuhi, ukiwatazama vijana wakiruka kwenye mashua bila kujua kama leo wataitwa, unauliza ni nini hasa kilichohesabiwa.

Hebu nieleze nyuma ya nyumba moja ya Amu kuna nani. Mawe yanatoka Maweni, kisiwani Manda, ng'ambo ya mkondo. Pale watu wanachimba jiwe la matumbawe ya kale kwa sululu na tindo, wanalichonga kwa mkono mpaka likae mraba, na mapande yanayobaki wanawake wanayapondaponda kwa nyundo kupata kokoto. Wengi wao walitoka bara miaka mingi iliyopita, na watoto wao wamezaliwa palepale juu ya jiwe. Maji matamu ya kunywa ni ya taabu. Wanalipwa kwa jiwe, si kwa siku, kwa hiyo mvua ikinyesha au mnunuzi asipokuja, hakuna kitu. Taarifa ya uchumi ina mstari wa madini na machimbo, na mwaka 2024 mstari huo ulishuka kwa asilimia 9.2. Sijui mwanamke yeyote wa Maweni aliyesoma mstari huo, ila mwaka ule nilivuka mara mbili na marundo ya mawe yaliyochongwa yalikuwa yamefika ukingo wa maji, yamepangwa vizuri, yameota majani katikati.

Kisha kuna mwenye mashua anayevusha mawe, na mahamali, na mwenye punda. Gari haliingii vichochoroni, kwa hiyo kila jiwe, kila mfuko wa kilo 50, kila gunia la mchanga lazima lipite mgongoni mwa mnyama. Na kuna wakata boriti. Lamu ina zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya, na wauza boriti wana lugha yao kamili: fito, pau, mazio, boriti, nguzo, kila moja kwa unene wake, na zinauzwa kwa korija, yaani ishirini ishirini. Zamani zilipakiwa majahazini hadi Arabuni, mpaka usafirishaji nje ukapigwa marufuku mwaka 1982. Mwaka 2018 Serikali iliposimamisha ukataji miti katika misitu ya umma nchini, wakataji wa mikoko wa huku nao waliweka shoka chini, na familia zao zikakaa bila riziki kwa kosa ambalo walio wengi hawakulifanya. Mkata boriti wa asili huchagua mti, hafyeki msitu. Babu yake alikata palepale.

Nimekuwa nikiulizwa na wageni: na bandari je? Si mlipata bandari?

Tuliipata. Machi 2012 mradi wa LAPSSET, wa bandari na njia za kuiunganisha Lamu na Ethiopia na Sudan Kusini, ulizinduliwa hapa mbele ya Rais Kibaki na wakuu wa Ethiopia na Sudan Kusini. Mpango ulikuwa gati 32. Tatu za kwanza, kila moja ya mita 400, zilijengwa na kampuni ya Kichina, na 20 Mei 2021 ya kwanza ikafunguliwa rasmi. Kwa duka letu miaka ya karibu na uzinduzi ilikuwa ya neema. Watu wa Mokowe na wa mji wa Hindi, huko bara, walijenga vyumba vya kupanga kama wanaoshindana na alfajiri, kwa matumaini kwamba maelfu ya wafanyakazi wanakuja. Baba aliuza simiti mpaka akanunua mashua yake mwenyewe. Bandari yenyewe haikununua kwetu mfuko hata mmoja, na sioni ajabu, kazi ya ukubwa ule huagiza kwa njia zake.

Ami aliitaka kazi ya bandari kwa moyo wote. Aliambiwa alete cheti. Alikuwa na miaka zaidi ya arobaini ya kazi, amejenga misikiti miwili na nyumba ambazo watalii huzipiga picha, na cheti hana. Akaenda kufanya mtihani wa ufundi, akiwa mzee kati ya vijana wa rika la wajukuu zake. Akapimwa kwa matofali ya simiti, pembe na kozi. Akafaulu, akapewa daraja la tatu, ambalo ndilo la kuanzia. Alirudi nalo limekunjwa ndani ya kanzu akamwonyesha Baba, wakacheka wote wawili kwa furaha, maana ni cheti cha kwanza katika ukoo wetu kwa kazi ya mkono. Mimi ndiye niliyekwenda uani nikalia. Bandari hakuipata, wakati huo walikuwa wanatafuta wapiga mbizi, wachomeleaji na waendesha winchi.

Sisemi cheti ni kitu kibaya. Tangu sheria ya mwaka 2011 iliyounda Mamlaka ya Taifa ya Ujenzi, makandarasi na mafundi wanatakiwa wasajiliwe, na mwenye kukumbuka jengo la Huruma, Nairobi, lililowaangukia watu usiku wa Aprili 2016 hawezi kupinga hilo. Ninachosema ni kwamba mtihani unaopima kozi za matofali tu umeacha nusu ya ufundi wa nchi hii nje ya mlango.

Maana Ami anajua chokaa. Na hapa naomba msomaji anivumilie, kwa sababu hili ndilo hasa lililonifanya niandike.

Nyumba za Mkomani, mtaa wa kale wa Amu, zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na udongo na chokaa, na dari zake zimelala juu ya boriti. Upana wa chumba huamuliwa na urefu wa boriti, ndiyo maana vyumba vyetu ni virefu na vyembamba, msana (yaani chumba kirefu cha ukumbi) nyuma ya msana, hadi ufike ndani kwenye zidaka, vile vishubaka vya ukutani. Chokaa huchomwa kwa kupanga magogo na matumbawe juu yake, moto ukiwaka usiku kucha, kisha hutiwa maji likapasuka likawa unga, kisha hufukiwa likae. Miezi. Fundi mwenye haraka hawezi kazi hii. Sakafu ilikuwa ikipigwa kwa virungu na watu wengi pamoja, kwa nyimbo, mpaka iwe ngumu. Ukuta uliopakwa chokaa hupumua. Maji yakipanda kutoka chini hutoka taratibu, na chumvi hutoka nayo.

Sasa mwenye nyumba ameona ukuta umefanya unga. Anaita fundi kijana, anayejua simiti. Kijana anapiga lipu safi ya simiti, ukuta unang'aa, wiki mbili kila mtu amefurahi. Maji yale ya chini hayana pa kutokea tena, chumvi inajikusanya nyuma ya lipu, inasukuma, na unyevu unapanda mpaka kwenye vichwa vya boriti vilivyofichika ukutani. Boriti huoza pale pasipoonekana. Miaka michache baadaye dari inashuka. Mji huu umo katika urithi wa dunia wa UNESCO tangu 2001, na nimehesabu, katika njia ninayopita kutoka nyumbani hadi dukani, kuta saba zilizovaa simiti juu ya matumbawe.

Na simiti ile tumeiuza sisi. Nalijua hilo na linanisumbua.

Sasa rudi kwenye hesabu ya taifa. Mfuko uliopigwa kwenye ukuta ule wa Mkomani umeingia kwenye tani za mwaka, umekuwa sehemu ya ukuaji. Chokaa alilochoma Ami pwani, likauzwa kwa jirani kwa pesa taslimu, halimo popote. Kinachoozesha nyumba kinahesabiwa, kinachoiponya hakihesabiwi. Nadhani ndiyo sababu hakuna aliyejali kuwa waashi wa chokaa wanaisha: hakuna mstari wao wa kushuka. Ami alifundisha vijana wawili kikamilifu. Mmoja anafanya kazi Shela, kwenye nyumba za wageni, ambako matajiri wanataka niru ya kweli, ile lipu laini ya chokaa, na wanalipa kila Alhamisi bila kukosa. Wa pili yuko Mokowe, anaendesha bodaboda. Nilipomwuliza kwa nini, alisema bodaboda inamlipa leo.

Kulipwa leo, ndilo neno lake. Tunawasema vijana kuwa hawapendi kazi za mikono. Nimewaona wakipenda. Wanachokimbia ni ile Alhamisi ya tano.

Kuna jambo moja zaidi, nilitaje upesi kwa kuwa ni zito. Kwenye kazi ileile ya madarasa, msaidizi mmoja wa Ami alianguka kutoka jukwaani, akavunjika nyonga. Sheria ya fidia ya majeraha kazini, nayo ya 2007, inamtaka mwajiri awe amewakatia bima wafanyakazi wake, na aliyelemaa kabisa au familia ya aliyekufa hustahili mapato ya miezi 96. Kwa kijana huyu ilipitishwa kofia msikitini baada ya sala ya Ijumaa. Watu walitoa sana, Mungu awalipe. Lakini jina lake wiki ile halikuwa kwenye orodha. Ilikuwa zamu ya nduguye kuandikwa.

Ndipo nikaanza kuuliza jambo ambalo bado nauliza kila ninapopata mtu wa kaunti dukani. Nchi hii imekuwa na M-Pesa tangu 2007. Muuza samaki analipwa kwa simu, mwenye punda analipwa kwa simu. Kwa nini kibarua wa kazi ya umma asilipwe moja kwa moja kwenye simu yake, jioni ya kila wiki, kutoka kwenye fungu lililotengwa kabla ya jiwe la kwanza kuwekwa? Pesa ya kontrakta icheleweshwe ikiwa lazima, yeye ana hati ya kwenda nayo benki. Kila siku ya kazi ingeacha alama isiyofutika, yenye jina na namba, na yule kijana aliyeanguka angeweza kuonyesha kwamba alikuwepo. Na Taifa lingejua, pengine kwa mara ya kwanza, ni watu wangapi hasa wanaolijenga. Wengine hunijibu kuwa mafundi wenyewe hawataki kuandikwa, wanaogopa kodi na makato. Wapo. Waulizeni hao baada ya Alhamisi ya sita.

Katika mwaka 2025 ujenzi nchini ulianza kuinuka tena, barabara zikarudishiwa mitambo. Agosti, miaka miwili kamili tangu kazi ianze, yule kontrakta alipata sehemu ya pesa zake na akatutumia sehemu ya deni letu. Kwa Ami hakutuma kitu, maana sisi tulikuwa na stakabadhi. Baba alizitazama zile pesa kwenye simu muda mrefu. Kisha akanituma nimwite nduguye.

Walikaa barazani hadi Isha wakibishana. Baba alitaka wagawane nusu kwa nusu, watu tisa waanze. Ami alisema pesa ya simiti ni ya simiti. Mwishoni Ami alikubali ya wasaidizi sita tu, akatoa lile daftari la buluu, na tukapiga hesabu siku baada ya siku kwa mwanga wa taa ya nje, mimi nikiandika. Deni lake mwenyewe na la wale waashi wawili likabaki kwa kontrakta, na lipo hadi leo. Ile mifuko kumi na mmoja iliyoganda Ami aliichukua siku ya pili. Aliipasua karatasi, akaipanga kuzunguka kisima cha nyumbani kwao, na wanawake sasa huketi juu yake wakifua.

Juzi alikuja asubuhi, kabla hatujamaliza kufungua milango. Amepata nyumba Mkomani, ukuta wa msana umeinama, mwenyewe amekubali chokaa. Ila kwa msingi wa tangi la maji uani anahitaji mifuko mitatu ya simiti.

"Niandikie, mama," akaniambia.

Nikafungua ukurasa wake, nikaandika tarehe, mifuko mitatu, jina lake. Akaniomba kalamu. Chini ya jina lake, kwa herufi zake kubwa za penseli zilizozoea daftari la shule, akaongeza majina ya vijana wawili atakaofanya nao, na mbele ya kila jina akaandika siku atakayowalipa.